Wapangaji wangu wako safarini muda wote: chumba kikifungwa wiki tatu, ufunguo ukae na nani?

MamaPloti_Embakasi

Hamjambo wenzangu. Nina ploti hapa Embakasi kijijini, si mbali na stesheni ya treni. Chini na juu, bedsita kumi na nne, kila moja na choo na bafu ndani, 7,500 kwa mwezi. Marehemu mzee wangu aliijenga kidogo kidogo, na tangu aondoke mimi ndiye naishika. Keateka, mtu wa kuitunza ploti, ninaye, kijana mtulivu, anakaa chumba cha kwanza pale langoni.

Wapangaji wangu wengi ni watu wa njiani. Madereva wa trela na mautingo wao, wawili wa uwanja wa ndege wanaofanya zamu, na fundi mmoja wa minara ya simu ambaye akitumwa Turkana unaweza kusahau sura yake. Kwa malipo siwasemi. Tarehe tatu, tarehe nne, M-Pesa inalia, na mwenyewe yuko Busia au Kigali huko. Shida ni kwamba wanalipia vyumba wasivyolala. Pita jioni kwenye korido ya juu uone: kufuli, kufuli, kufuli, halafu mlango mmoja wenye mwanga.

Wenye wapangaji wa kawaida hamjui mambo haya. Takataka ni 200 kwa kila chumba. Dereva ananiambia, "Mama, mimi sikuwepo, hiyo takataka nilikutupia kutoka Eldoret?" Maji nayo, mita ni moja ya ploti nzima na bili tunaigawa sawasawa. Mama wa chini ana watoto watatu na anafua kila siku. Dereva amekuja, ameoga, amelala, ameondoka. Akilalamika ana haki, lakini nikimpunguzia yeye, pengo nani ataliziba? Kuna mmoja tokeni zake za stima ziliisha akiwa Uganda, na kwenye friji alikuwa ameacha nyama. Harufu ilipofika ngazini watu walianza kunong'ona kwamba mtu amefia ndani.

Lililonileta hapa ni hili. Maji ya kaunti kwetu huja kwa mgao. Siku ya ukavu mtu anafungua bomba, anasikia hewa tu, anaenda zake bila kulifunga. Mpangaji mmoja wa juu alifanya hivyo hivyo, akapigiwa simu kontena limetoka, apakie usiku huo huo. Kitambaa cha vyombo kilibaki kwenye sinki, kimeziba tundu. Maji yakarudi saa nane usiku. Kufikia saa kumi yalikuwa yanatoka chini ya mlango wake, yanateremka ngazi kama mtu aliyekuja na mizigo yake, na kwa mama wa chini yanadondoka kutoka dari juu ya godoro la mtoto. Tanki la ploti nzima lilikuwa linaishia mle ndani. Tulimpigia dereva: simu imezimwa. Ameshavuka, kule ana laini ya Uganda ambayo hakuna anayeijua.

Nilimwita fundi wa kuchomelea akakata kufuli kwa grainda. Ningefanya nini, nisimame na kandambili nikiangalia? Tulifunga bomba, tukakausha sakafu, nikanunua kufuli mpya na ufunguo nikauhifadhi mwenyewe. Mle ndani kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, chandarua kimefungwa fundo juu, na kwenye msumari sare ya shule ya mtoto, mpya, bado iko kwenye nailoni.

Aliporudi hakunishukuru. Alisema kwenye mkebe wa majani ya chai kulikuwa na elfu kumi na mbili na sasa hakuna kitu. Mimi, keateka, fundi wa kuchomelea na mama wa chini sote tuliingia. Nani atamwapia nani? Tumebaki tunasalimiana kwa shingo upande.

Kwa hivyo nauliza mambo mawili. Kwanza, mpangaji wa aina hii, ufunguo wa pili ukae wapi, na nani ana ruhusa ya kufungua? Pili, na hili ndilo linaninyima usingizi: kila jioni langoni nafukuza watu. Wasichana wa kupakia chakula cha ndege, walinzi, wauguzi wa muda. Kwao ni Machakos, Tala, Murang'a, Kajiado. Hawataki nyumba, wanataka mahali pa kuweka ubavu siku tatu nne za wiki ili wasiamke saa tisa usiku. Mimi nina vyumba vimefungwa wiki baada ya wiki na siwezi kuwapa, kwa sababu vina wenyewe. Nimewaza vyumba viwili vitakavyoachwa mwezi ujao niviwekee vitanda vinne vinne, 200 kwa usiku. Kwenye karatasi, vitanda vikijaa usiku ishirini kwa mwezi, chumba kimoja kinaweza kuleta elfu kumi na sita badala ya saba na nusu. Kuna aliyejaribu?

Na tafadhali msiniletee mambo ya Airbnb. Mtalii atakuja Embakasi kijijini kuangalia nini, kontena?

Ploti3_Kayole

Mama, achana na vitanda. Nilikuwa navyo. Hiyo elfu kumi na sita ya karatasi toa shuka, sabuni, maji ya watu wanne wanaooga asubuhi na jioni, pasi ya umeme, godoro linalokufa kila mwaka, na mtu wa kukaa mlangoni usiku kucha. Halafu toa simu zinazopotea, maana kila ikipotea ni wewe utakayeshikwa shati. Mpangaji asiyelala kwako na anayelipa tarehe tatu ni baraka, wewe unatafuta kelele za nini? Depositi ya miezi miwili, moja ya kodi na moja ya uharibifu, basi.

Trela_Changamwe

Mama, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao kufuli-kufuli, ingawa si kwako. Nakaa Tassia, kama kukaa ndiko huku.

Nikuambie kwa nini mtu analipia chumba asicholala. Kwetu ni Changamwe, na miaka yote kazi yangu ilianzia bandarini Kilindini. Nikitoka safari nalala kwangu. Mwaka wa 2018 treni mpya ilipoanza kubeba kontena hadi ICD, bandari kavu ya hapa Embakasi, mzigo wa kupakia Mombasa ulikauka. Tajiri akahamisha yadi ikaja Nairobi, na sisi nyuma yake. Familia ikabaki, kwa sababu shule ya watoto haihamishwi kama yadi. Mwaka wa 2019 reli ikafika Naivasha, wakasema mzigo wa nchi jirani tuufuate huko, wenzangu wengine wakapanga Mai Mahiu. Mwaka wa 2022 serikali mpya ikaingia, amri ikabatilishwa, mzigo huru kutolewa Mombasa tena. Vizuri sana, ila yadi yetu haikurudi. Sasa niambie dereva ajenge au apange wapi? Mimi nina kodi mbili: ya mama watoto Changamwe na ya kufuli Tassia.

Usingizi wenyewe ni kwenye kebini. Huwezi kuacha gari Salgaa au Mtito Andei ukaenda kulala gesti. Asubuhi utakuta tangi limenyonywa dizeli na turubai limechanwa. Foleni ya Malaba ikikaza, ni kebini tena. Nikifika Nairobi naoga, nafua, nalala kama gogo, simu inalia, pakia. Lakini bila kile chumba mimi ni nani? Mle ndimo kuna cheti changu cha kuzaliwa, suruali ya maziko, sufuria zangu. Shule zikifungwa kijana wangu anapanda basi anakuja, tunakaa naye kama baba na mwana. Hiyo sare uliyoiona kwenye msumari, mama, mimi naielewa bila kuelezwa.

Kwa hivyo chumba cha mtu usikiguse kumlaza mwingine hata kwa usiku mmoja, hata kama kiko wazi mwezi. Najua hukusema hivyo, lakini kuna keateka wanaofanya. Mwenzangu alirudi saa saba usiku na ufunguo mkononi, akakuta miguu ya mtu kitandani kwake.

Kuhusu ufunguo, yadi yetu tulikubaliana hivi na mwenye nyumba: ufunguo wa akiba kwenye bahasha, bahasha imegundishwa, mpangaji ametia sahihi juu ya ile sehemu ya kugundisha na kubandika selotepu juu yake. Inakaa kwa mwenye nyumba, si kwa keateka. Nikirudi naomba kuiona. Ikiwa imefunguliwa naelezwa sababu. Na laini zote mbili, ya Kenya na ya ng'ambo, pamoja na namba ya msimamizi wa yadi, zinaandikwa nyuma ya bahasha. Msimamizi hata usiku anajua gari liko wapi, ana ramani kwenye simu yake.

Huyo wa elfu kumi na mbili sitamsemea. Ila dereva mwenye akili haachi pesa kwenye mkebe wa majani enzi hizi za M-Pesa.

Na nikiwa bado nimekasirika: kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, tajiri naye anatoa 1.5. Nimejiandikisha. Fomu inataka nichague kaunti ninayotaka nyumba. Nilikaa nikaitazama ile sehemu mpaka chai ikapoa.

MtotoWaReli

Nimesoma hapa nikicheka na kusikitika. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za reli Muthurwa, pale kando ya Landhies Road. Baba alianza kama mchochea moto kwenye injini za mvuke, akaishia dereva, enzi ya shirika la reli la Afrika Mashariki kabla ya Jumuiya kuvunjika 1977. Kwa hivyo habari ya mtu wa kazi anayelala leo huku kesho kule si mpya Nairobi. Mji wenyewe ulizaliwa nayo.

Nikueleze reli ilifanyaje. Baba akitoka na treni kwenda pwani hakulala kwenye injini. Njiani kulikuwa na nyumba za mapumziko za wafanyakazi wa treni, wao wakiziita raning rumu. Kitanda, shuka zilizofuliwa, mpishi, daftari la kuandika umeingia saa ngapi na uamshwe saa ngapi. Kulikuwa na kijana, kolboi, kazi yake ni kubisha hodi: fulani, treni yako imefika. Anabisha, unaitika, unatia sahihi kwenye kitabu chake ili usije ukasema hukuamshwa. Muthurwa nako alikuja hivyo hivyo nyumbani, usiku wa manane, sote tunaamka. Nilichukia sauti ya yule kijana. Baba akasafiri, chumba chetu kikabaki na sisi ndani. Kitanda cha safari na kitanda cha nyumbani vilikuwa vitu viwili mbalimbali, na vyote viwili vililipwa na mwajiri.

Sitaki kuisifu sana. Chumba kilikuwa kimoja, choo cha pamoja, na tulilala mzungu wa nne. Mkoloni alikuwa amejenga akiamini mfanyakazi mweusi ni kapera wa kudumu: mke na watoto wabaki shambani, mume apewe kitanda mjini na mshahara wa mtu mmoja. Mpaka kamati ya mishahara ya mwaka wa 1954, ile ya Carpenter, ndipo ilipoandikwa waziwazi kwamba mtu alipwe kiasi cha kuweza kuishi mjini na familia yake. Sasa nikisikia vitanda vinne ndani ya bedsita, 200 kwa usiku, naona tunarudi kulekule, tofauti ni kwamba wakati huu anayetandika shuka ni mama wa watu Embakasi.

Na hapo ndipo swali langu lilipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, mahali pa kazi au karibu nayo, au amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Nilikuwa kwenye chama cha wafanyakazi, kifungu hicho nakijua kama namba yangu ya kitambulisho. Kwenye malipo ya kima cha chini posho ya nyumba huwekwa asilimia 15 ya mshahara. Chukua mlinzi au msichana wa chakula cha ndege, piga hesabu ya hiyo 15 uone kama inanunua hata mlango wa bedsita. Na huyu ndugu wa Changamwe, "karibu na mahali pa kazi" kwake ni wapi? Gilgil? Sheria ilimwaza mtu wa kiwanda anayeingia geti moja kila siku.

Ushauri wangu: kabla ya kununua vitanda, nenda yadini au kwa hiyo kampuni ya chakula, uliza kama wao wenyewe wanaweza kukodi vyumba viwili kwa mwaka mzima kwa ajili ya watu wao. Wao walipe, wao waweke daftari. Wengine watakucheka. Mmoja anaweza kukubali, hasa yule ambaye wafanyakazi wake huchelewa kila mvua ikinyesha.

Wa_Tala

Mimi ndiye yule mnayemfukuza langoni. Si wewe mama, lakini mwenzako yeyote.

Kwetu Tala. Nafanya zamu upande wa uwanja wa ndege, nne za usiku kisha mbili za mapumziko. Zamu ikianza saa kumi na mbili jioni, mimi nimetoka nyumbani saa nane. Matatu ya Kangundo Road mpaka baipasi, nyingine mpaka Utawala, halafu boda. Jua likiwaka nauli inavumilika. Mvua ikinyesha wanaongeza mia palepale, na ukiuliza unaambiwa ushuke. Nikitoka zamu asubuhi ndio saa ambayo kila mtu anaingia mjini na mimi naenda kinyume, kwa hivyo hilo ni afadhali, magari ni matupu. Nafika, nafungua mlango, mtoto ameshaenda shule. Nalala na kiatu kimoja mguuni. Wiki nyingine nalala kwa binamu yangu mtaa wa Pipeline, sakafuni, kati ya meko na ukuta, naye ana mume. Unajua unavyolala mchana kwenye nyumba ya wenyewe? Kila anayeingia unakunja miguu.

Kwa nini nisihamie? Tala nina nyumba ya mama yangu, silipi kodi, mama ananiangalizia mtoto, nina kuku na maharagwe. Nikihamia Embakasi na mtoto, nalipa chumba, nalipa msichana wa kazi, nalipa shule, na mshahara ni uleule. Kwa hivyo nitaendelea kusafiri, na wenzangu wengi ni hivyo.

Lakini vitanda vinne sitaki, mama. Wanne tunaofanya zamu tofauti ndani ya chumba kimoja, hakuna atakayelala. Mmoja anaingia saa moja asubuhi, mwingine anaamka saa nane mchana kupika, wa tatu anaongea na mchumba wake kwenye simu. Mimi na mwenzangu wa Kathiani tumekuwa tukitafuta kitu kingine kabisa: chumba kimoja, majina mawili. Yeye akiwa zamu ya mchana mimi niko ya usiku, wiki ikigeuka tunageuka. Vitanda viwili vyembamba, pazia katikati, kodi tunalipa nusu kwa nusu. Tumezunguka Embakasi yote. Wenye nyumba wanakataa. Mmoja aliniuliza, "Nyinyi ni ndugu?" Nikasema hapana. "Basi mkikosana nani atalipa?" Mwingine alisema wasichana wawili wasio ndugu kwenye chumba kimoja ni biashara anayoijua yeye. Nilimwachia Mungu.

Tukikosana, chukua depositi yetu. Ndiyo kazi yake.

Karani_Makadara

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, si wakili mwenyewe, kwa hivyo chukueni haya kama maneno ya mtu anayechapa hizi karatasi kila siku.

Mama, ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho hakijaguswa miaka mingi, na bedsita ya 7,500 iko nje yake. Maana yake mkataba wenu ndio utakaoangaliwa kwanza. Mnao? Nina hakika nusu yenu hapa mna risiti za M-Pesa tu na maneno ya langoni. Andika ukurasa mmoja. Weka kifungu cha dharura: maji, moto, gesi, harufu. Nani apigiwe, asubiriwe muda gani, kisha waingie watu wawili akiwemo mpangaji mwingine, mmoja akirekodi kwa simu tangu kufuli likiwa zima mpaka jipya linafungwa, bila kukata video. Video hiyo anatumiwa mwenye chumba papo hapo. Ungekuwa nayo, habari ya mkebe ingeisha kwa dakika tano, iwe upande wako au upande wake.

Kuchelewa kodi si dharura, naomba tuelewane. Kufunga mlango wa mtu au kumtolea vitu nje kwa sababu ya kodi ni njia ya kujipeleka mahakamani mwenyewe.

Vitanda vya usiku: hapo umetoka kwenye kupangisha, umeingia kwenye gesti. Leseni ya biashara ya kaunti, watu wa afya, na kodi yako ya serikali inahesabiwa vingine. Sasa hivi kwa kodi za makazi, anayepokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anatoa asilimia 7.5 ya anachopokea, tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Vyumba kumi na vinne vikijaa ni 105,000 kwa mwezi, yako ni 7,875, umemaliza. Usijiharibie hesabu nyepesi.

Majina mawili kwenye mkataba mmoja hakuna sheria inayokataza. Andika tu kwamba kila mmoja anadaiwa kodi yote, si nusu. Mmoja akitoroka, aliyebaki analipa au anatafuta mwenzake.

Ploti3_Kayole

Huyo aliyebaki atakulilia, na wewe mama una huruma, nakuona hata kwa maandishi.

MamaPloti_Embakasi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni. Ploti3, huruma ninayo na kodi napokea, vyote vinakaa.

Bahasha nimeichukua. Nimeanza na wale walioko Nairobi wiki hii. Watatu wametia sahihi bila neno. Wa minara ya simu alisema hataki mtu awe na ufunguo wake, hata kwenye bahasha, hata kwa Yesu. Nikamwambia sawa, basi andika hapa kwamba maji yakitoka mlango unavunjwa na gharama ni yako. Akakaa akafikiri, akatoa ufunguo. Dereva wa mkebe nimemsomea maneno ya Karani kuhusu video. Alisema angekubali video. Ya zamani hayajaisha, lakini jana aliniletea ndizi kutoka Masaka, mkungu mzima, akauacha kwa keateka bila kusema ni za nini.

Vitanda nimeacha. Mzee wa reli amenigusa pabaya, maana baba yangu naye alikuwa mmoja wa hao makapera wa mshahara mmoja, Kaloleni, sisi tukiwa shambani tukimwona Krismasi. Nilienda kweli kwenye yadi moja hapa jirani kuuliza habari ya kukodi vyumba. Bwana wa pale alinikaribisha soda, akaniambia madereva wake "wana kebini nzuri sana, mpya, zina kitanda." Nilimaliza soda nikaondoka. Kampuni ya chakula sijaenda, nitaenda.

Maji: nimeamua mgawanyo wa sawasawa ufe. Mita ndogo za kila chumba ni ghali kwa mkupuo, kwa hivyo kwa sasa chumba kilichofungwa wiki mbili mfululizo kitalipa nusu, keateka aandike kwenye daftari. Pengo nitaliziba mimi kwa miezi michache nione. Takataka inabaki 200 kwa kila chumba, mimi siendi Eldoret kuhesabu.

Wa Tala, chumba cha chini karibu na ngazi kinaachwa mwisho wa mwezi. Kina dirisha la nyuma, hakina kelele za lango, mtu wa zamu ya usiku anaweza kulala mchana. Njoo na mwenzako wa Kathiani, mje wote wawili siku moja, na vitambulisho. Sitauliza kama ni ndugu. Depositi ni moja, mkataba kama alivyosema Karani, kila mmoja anadaiwa yote. Nitumie ujumbe wa ndani nikuelekeze. Jumamosi mchana nipo, Jumapili nipo kanisani mpaka saa tisa.

Kimebaki kitu kimoja. Nataka kila chumba kiwe na koki yake ya kufungia maji huku nje kwenye korido, ili keateka afunge ya mtu akisafiri bila kugusa mlango. Fundi wa hapa ameniambia 1,500 kwa kila chumba, vifaa na kazi. Naona kama ameona kanga mpya akapandisha bei. Kuna anayemjua mwingine upande huu wa Embakasi au Utawala? Aanze na vyumba vya juu, na aje kabla ya siku ya mgao.